Jina moja, wanyama wanne: ukitaka kumwona mbwa mwitu, umfuate yupi?

Binamu yangu wa Wete, mwalimu wa skuli ya msingi, alinipigia simu mwezi uliopita. Likizo yake ni mwezi wa saba, vijisenti kaviweka, na safari hii hataki kusikia habari za simba wala tembo. "Nataka kumwona mbwa mwitu kwa macho yangu, kaka. Niende wapi?"

Nikamuuliza, "Mbwa mwitu yupi?"

Akadhani namfanyia mzaha. Lakini mimi natembeza wageni, Mji Mkongwe asubuhi, Jozani kwenye kima punju mchana, na mara moja moja nawavusha bara, na swali hilo limeshanigharimu pesa. Mwaka 2012 nilikwenda mwenyewe kwa mwenye ofisi mmoja wa safari, simtaji, nikamwambia nataka mbwa mwitu. Akanipeleka Ngorongoro. Siku mbili ndani ya gari, vumbi mpaka kwenye meno, na alichonionyesha ni mbweha wa manjano anatembea peke yake kama aliyetumwa dukani. Nikarudi Unguja na hasira zangu. Miaka mitatu baadaye wataalamu wa vinasaba wakatangaza kuwa yule mbweha ni mbwa mwitu. Jamaa alinidanganya akasema kweli bila ya kujua.

Sisi visiwani tumelijua jina kabla ya mnyama. Aliyesoma chuoni anakijua kisa cha Nabii Yusuf: ndugu zake wanarudi usiku wanalia, kanzu imepakwa damu ya uongo, wanamwambia baba yao mbwa mwitu kamla. Maalim wetu alipofika hapo mtoto mmoja aliuliza mbwa mwitu yukoje. "Kama mbwa wa wasasi," akajibu, "ila huyo hana mwenyewe." Jibu hilo lilinitosha miaka thelathini. Mbwa wa kawaida tu kwetu ni wachache, na tunampisha njia asije akatulamba tukaingia kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wa mwituni hatuna kabisa. Unguja mla nyama mkubwa aliyepata kuwapo ni chui. Pemba kiumbe pekee ambacho Waingereza wamekipa jina la mbweha ni popo wa Kidike. Wanamwita mbweha arukaye, kwa ajili ya uso wake.

Kwa hiyo safari ni lazima, na kabla ya nauli mtu ajue anamfuata nani.

Vipimo nilivyompa binamu

Nilimwambia apime mambo manne. La kwanza nasaba: huyu ni mbwa mwitu kweli, au kapewa jina tu? La pili, ukifika utamwona, au utaonyeshwa nyayo? La tatu njia na mfuko, kwa mtu anayeanzia Unguja au Pemba. La nne, na kwangu ndilo kubwa, ukishamwona kuna nini cha kutazama.

Wanaogombea ni hawa. Kuna mbwa mwitu mwenye madoa, yule anayeitwa hivyo kwenye hifadhi zetu za bara. Kuna mbweha wa dhahabu, huyo wangu wa Ngorongoro. Kuna mbwa mwitu wa Ethiopia, mwekundu, anayeishi milimani. Na kuna mbwa mwitu wa kijivu, mwenye jina lenyewe, ambaye kwa sisi aliye jirani kuliko wote ni yule wa Arabuni. Fisi hayumo. Watu humtia kila mara, lakini fisi yuko karibu zaidi na cheche wetu kuliko na mbwa yeyote.

Nasaba

Wa kijivu ndiye shina. Alienea Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na mbwa wote wa kufugwa, tokea wa polisi bandarini mpaka koko wa jaani, wametoka kwake. Hata leo wakikutana wanazaana. Ana sura nyingi kwa sababu ana nchi nyingi. Wa Kanada na Alaska anaweza kupita kilo 50, wa ncha ya kaskazini ni mweupe, na wa Arabuni ni mdogo, kilo kama 20, masikio makubwa ya kutolea joto na manyoya mafupi wakati wa kiangazi. Ukitazama unyayo wa huyu wa Arabuni utakuta vidole viwili vya kati vimeungana kwa nyuma, jambo ambalo mbwa wengi hawana. Huyu wa kijivu ana na jamaa yake Marekani, mbwa mwitu mwekundu, aliyetangazwa mwaka 1980 kuwa kesha kwisha mwituni, akarejeshwa North Carolina mwaka 1987 kutoka kwa waliokuwa wamefugwa. Huyo nimemwacha nje ya ulinganisho. Waliobaki ni wachache mno, na safari ya kumtafuta ni ya mtu mwenye wazimu wake.

Wa Ethiopia ni mbwa mwitu kwa damu, ingawa kwa muda mrefu alihesabiwa mbweha. Waethiopia wenyewe humwita kwa Kiamhari key kebero, mbweha mwekundu. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 ndivyo vilivyomsogeza upande wa wa kijivu.

Mbweha wa dhahabu alipandishwa cheo mwaka 2015. Kabla ya hapo alihesabiwa pamoja na mbweha wa dhahabu wa Ulaya na Asia. Damu ilipopimwa, huyu wa Afrika akaonekana yuko karibu zaidi na wa kijivu. Kilo zake ni kati ya 7 na 15, na madereva wengi bado wanamwita bweha. Usigombane nao.

Sasa aliyeshika jina bara nzima, mwenye madoa, ndiye wa mbali kuliko wote. Nasaba yake ilijitenga na ya wengine miaka mamilioni iliyopita, hazai na mbwa, na mguu wake wa mbele una vidole vinne ilhali mbwa na mbwa mwitu wana vitano. Kama unachotaka ni yule wa kisa cha Nabii Yusuf, huyu siye. Wa Kanaani ni wa kijivu.

Utamwona?

Mbweha wa dhahabu utamwona. Sakafu ya Ngorongoro ni wazi, majani mafupi, naye hutembea mchana. Tatizo ni kumtambua, maana Tanzania ina mbweha wa aina tatu. Mwenye tandiko jeusi mgongoni siye. Mwenye ncha nyeupe ya mkia siye. Wa dhahabu hana tandiko, na ncha ya mkia wake ni nyeusi. Mkumbushe dereva mara mbili.

Wa Ethiopia wako chini ya 500 waliokomaa duniani kote, na hawapatikani nchi nyingine yoyote. Ukisikia hesabu hiyo unadhani utakesha. Kinyume chake, zaidi ya nusu yao wako milima ya Bale, na uwanda wa Sanetti juu ya milima hiyo hauna mti wa kujificha. Chakula chao ni panya na fuko wanaotoka mchana, basi nao wanawinda mchana. Mtu mwenye siku mbili na subira ya kawaida hukutana nao.

Mwenye madoa ni bahati iliyosaidiwa na kalenda. Kundi lake huzunguka eneo kubwa, leo liko hapa kesho kilomita ishirini. Lakini kati ya mwezi wa sita na wa nane kundi lenye watoto hukaa kwenye shimo moja, nao waongozaji huwa wanajua ni upande gani. Nyerere, hifadhi ya taifa iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019, pamoja na Ruaha, ni ngome zake kubwa Afrika. Serengeti alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaanza kurejeshwa mwaka 2012, kwa hiyo hapo usimwekee tumaini.

Wa Arabuni ni wa usiku na anamkwepa mtu, kwa sababu wafugaji wa mbuzi na ngamia wana kesi naye ya zamani. Milima ya Dhofar, Oman, ndiko anakotajwa. Mjomba wangu kakaa Salala miaka kumi na saba na alichowahi kupata ni mlio mmoja alfajiri na mbuzi mmoja pungufu. Ukitaka uhakika, kituo cha wanyama wa Arabuni kilichopo Sharjah wanaye, nyuma ya uzio. Wenzetu wanaokwenda Dubai kuchukua mzigo wanaweza kupita. Si mwituni, lakini utamtazama usoni. Kwa wenye jamaa Marekani iko Yellowstone: huko wa mwisho waliuliwa mwaka 1926, mwaka 1995 wakaletwa 14 kutoka Kanada, na leo watu husimama na darubini kwenye bonde la Lamar, baridi ya kukata masikio, wakiwahesabu juu ya theluji.

Njia na mfuko

Mwenye madoa ndiye wa karibu. Ndege ndogo zinaondoka uwanja wa Unguja kwenda moja kwa moja Nyerere, na wageni wangu wengine huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hiyo siipendi, masaa machache hayatoshi kumtafuta mnyama anayehama. Mtu wa mfuko wa kawaida apande boti Malindi mpaka Dar es Salaam, ashike gari ya Kibiti mpaka Mloka, alale nje ya geti, aingie na gari ya hifadhi alfajiri. Chukua kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na si kile cha mgeni. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, njia zinazama na kambi nyingi zinafungwa.

Ngorongoro ni mbali kidogo na gharama kidogo zaidi, kwa sababu kushuka kreta kuna malipo yake na lazima gari inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mkichanga gari watu sita inabebeka. Hufunguliwa mwaka mzima. Chukua sweta. Mtu wa Pemba akishauona ukungu wa pale juu asubuhi anakumbuka kwao.

Ethiopia inataka pasipoti, viza, ndege ya Addis Ababa, kisha kilomita kama 400 za barabara mpaka Goba au Robe. Nenda kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili, kukiwa kukavu. Sanetti iko mita kama 4,000 juu ya bahari, na sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Lala Goba usiku mmoja kabla ya kupanda, kunywa maji, tembea polepole. Mimi nilijifanya kijana, kichwa kikanigonga kama kinu mpaka adhuhuri.

Oman ni nafuu kwa mwenye kwao kule wa kumpokea, ghali kwa asiye naye. Kutoka Maskati mpaka Salala ni kiasi cha kilomita elfu moja. Zanzibar hatukosi jamaa huko, basi kila mtu ajipigie hesabu yake.

Ukishamwona

Hapa ndipo wanapoachana.

Mwenye madoa ni mchezo wa kundi. Nilipowaona Nyerere walikuwa tisa, wamelala kwenye mchanga wa korongo kavu, na kwa mbali ungesema ni magunia yametupwa. Jua lilipotoka mmoja akanyanyua kichwa, masikio yake ya mviringo yamesimama kama pawa mbili za kutekea mchuzi. Akamwendea mwenzake, akamsukuma kwa pua. Huyo akamwamsha wa pembeni. Mara wote wako juu, wanarukiana, wanalambana midomo, na sauti zao si za mbwa hata kidogo, ni vilio vyembamba kama vifaranga waliopotewa na mama. Kisha nikasikia chafya. Wakati huo nilidhani ni vumbi. Utafiti uliofanywa Botswana na kutolewa mwaka 2017 unaonyesha kwamba chafya ni kura: zikiwa nyingi kundi linaondoka kwenda kuwinda, zikiwa chache linalala tena. Akianzisha mkubwa wa kundi chafya chache zatosha, akianzisha mdogo zinahitajika nyingi zaidi.

Wakaenda. Mmoja akabaki shimoni na watoto, mzee, sikio limechanika, anachechemea mguu wa nyuma. Wenzake waliporudi, matumbo yamejaa, watoto wakawavamia midomoni, nao wakawatapikia nyama. Yule mzee akaja naye akapewa. Nimekaa kwenye gari nikiwa sina la kusema, na mimi ni mtu ninayelipwa kwa kusema.

Wa Ethiopia ni kinyume chake. Anaishi na kundi, jioni na asubuhi wanakutana, wanasalimiana na kuzungukia mipaka yao, lakini akiwinda yuko peke yake. Wekundu wake ni wa karafuu iliyoanza kukauka, koo na tumbo jeupe, miguu mirefu. Kule Sanetti nimevaa sweta tatu na kikoi kichwani, nikamtazama mmoja karibu saa nzima. Alikuwa anamvizia fuko mkubwa wa huko, mnyama wa karibu kilo moja ambaye huchomoza kichwa tu shimoni kula majani. Mbwa mwitu yule aliweka mguu, akangoja, akaweka mwingine, kama mama anayetoka chumbani asimwamshe mtoto. Akaruka. Akakosa. Akatimua udongo kwa mikono miwili mpaka nusu ya mwili ikapotea, akatoka na pua ya vumbi, akajikung'uta, akaanza upya kwenye shimo la pili. Utafiti wa mwaka 2024 umewakuta pia wanalamba utamu wa maua, ulimi juu ya ua moja baada ya jingine, jambo geni kwa mla nyama wa ukubwa ule. Mimi sikubahatika, hayakuwa yamechanua.

Jambo moja la huzuni ulijue kabla ya kwenda: kinachowamaliza zaidi ni kichaa cha mbwa na maradhi mengine wanayoambukizwa na mbwa wa wafugaji. Ndiyo maana mbwa wa vijiji vya huko wanachanjwa.

Mbweha wa dhahabu hana maonyesho makubwa, na mtu akienda kwa ajili yake tu anaweza kurudi na hasira kama zangu. Raha yake ni ndogo ndogo: dume na jike wake wanaotembea pamoja, na watoto wa mwaka jana waliobaki kusaidia kulea wa mwaka huu. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, nyumbu wanapozaa huko Ndutu, ana kazi nyingi na unamwona vizuri zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba anakuja na wengine wote. Ukimkosa yeye, vifaru wapo.

Wa kijivu, kwa mwenye kumpata porini, anachotoa ni mlio na familia. Watu wanapenda kuhadithiana habari za dume mbabe anayetawala kundi kwa meno. Habari hizo zilitokana na mbwa mwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, miaka ya 1930 na 1940. David Mech, mtaalamu wa Marekani aliyezieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1970, mwenyewe alikuja kuzikanusha baada ya kuwafuata mwituni. Kundi la mwituni kwa kawaida ni baba, mama, na watoto wao wa mwaka huu na waliotangulia. Nyumba tu, kama ya Wete. Yule wa Arabuni hukaa wachache zaidi, wawili watatu, kwa sababu jangwa halilishi wengi.

Yupi amfuate nani

Mwenye siku nne, mfuko wa mwalimu na likizo ya mwezi wa saba: mwenye madoa, Nyerere, na si chini ya usiku wawili. Akubali tangu mwanzo kwamba anaweza kukosa.

Mwenye watoto wadogo au mzazi mtu mzima: Ngorongoro. Kumsubirisha mtoto wa miaka sita karibu na shimo ambalo huenda limehamwa ni kutafuta ugomvi ndani ya gari. Kreta kila dakika kuna kitu, na mbweha wa dhahabu atakuja tu.

Anayetaka kile ambacho jirani yake hatakiona, ana pasipoti, kifua kizuri, na likizo yake inaangukia mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza: Bale. Mwenye pumu au moyo wa mashaka amuulize daktari kwanza.

Anayesomesha chuoni, au ambaye kisa cha Nabii Yusuf ndicho kilichomtia hamu: wa Arabuni. Kama una jamaa Salala, nenda kwa ajili ya jamaa na umsikilize alfajiri. Kama unapita Dubai kwa biashara, ingia Sharjah nusu siku, usidai zaidi ya hapo.

Na kwa yeyote kati ya hawa, unapoongea na wenye ofisi za safari usiseme "mbwa mwitu" ukanyamaza. Sema mwenye madoa, sema wa dhahabu, taja hifadhi, na waambie waandike kwenye risiti. Binamu yangu kaandikiwa "madoa, Nyerere, usiku wawili, geti la Mtemere." Boti yake ni ya asubuhi, na ameniomba ile darubini yangu, ambayo nimemwambia airudishe na kifuniko chake.